Dokta wa paka huku Ng'ambo anapima kweli, habahatishi

Kwa wenzangu mnaolisha paka wa mtaani hapa mjini Unguja, Malindi, Darajani, Forodhani na kwengineko, huyu dokta wa mifugo aliopo huku Ng'ambo mie namsifu bila ya kuombwa, na sababu kubwa ni kwamba anapima. Maana tushazoea, paka tumbo limemfura manyoya yamemsimama, unaenda dukani unapewa kidonge cha minyoo, minyoo gani hakuna anojua, uzito wa paka hakuna aliouliza, ukihoji unaambiwa wee mpe tu.

Nilimpelekea jike mmoja wa soko la samaki Malindi, anakula kutwa lakini mbavu zote nje na fizi zimempauka. Kitu cha mwanzo dokta alitaka choo cha siku ile ile, kikikaa zaidi mayai ya minyoo ya safura yanaanza kuanguliwa na kipimo kinaharibika, kama utachelewa basi weka kwenye friji, sio friza. Sasa paka wa mtaani choo chake utakipata wapi na yeye anafukia? Wakamlaza usiku mmoja kwenye kizimba na beseni la mchanga, na hawakunitoza zaidi.

Kipimo chenyewe nilikishuhudia. Choo kidogo kinakorogwa na maji ya chumvi, yaliyokolea mpaka chumvi haiyayuki tena, yanachujwa, yanajazwa kwenye kichupa mpaka mdomoni kisha juu kinawekwa kijioo chembamba, mnasubiri kama dakika 15. Mayai ni mepesi kuliko yale maji kwahivyo yanapanda yananasa kwenye kioo. Akaniita nichungulie hadubini jamani! Yai la chango la duara, limekoza kahawia, ganda nene lina vishimo vishimo, na la safura refu kidogo, ganda jembamba unaona mpaka ndani. Alikuwa nayo yote mawili maskini ya Mungu.

Na hakuishia hapo. Mayai ya tegu mara nyingi hayaonekani kwa njia hii kwa sababu yanatoka yakiwa ndani ya vipande vya mnyoo, basi akamuinua mkia, kweli vipo, vimekauka kama punje za mchele. Tegu huyu paka anampata kwa kumeza kiroboto, ukimtibu tegu ukaacha viroboto umefanya kazi bure. Alimpa praziquantel, ndo ile wanayogaiwa watoto skuli kwa kichocho Unguja na Pemba, ila tafadhalini msimvunjie paka kidonge cha mtoto, dozi inaenda kwa uzito. Ya chango na safura ni pyrantel, unarudia baada ya wiki mbili. Na dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin msimtie paka kabisa, zinaua.

Wifi yangu ana mimba na alitaka paka wote watoke uani, nikamuuliza dokta kuhusu toxoplasma, kile kijidudu cha kwenye choo cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Akanieleza vizuri sana, kwa kawaida paka anaitoa kwenye choo kwa wiki moja mbili tu pale anapoambukizwa mara ya mwanzo, na inachukua siku 1 mpaka 5 kabla haijaweza kumuambukiza mtu, kwahivyo choo kiondoshwe kila siku, asiondoshe yeye, na nyama ipikwe iive. Akasema wazi pia kuwa kutokuiona kwenye hadubini sio ushahidi kama haipo. Hata giardia, kijidudu cha kuharisha, inaonekana leo kesho haipo, paka akiendelea kuharisha mrejeshe apimwe tena.

Kinachoniudhi majibu anayatoa kwa mdomo, hakuna karatasi, na sie tunaohudumia paka wengi tunachanganya nani kapewa nini. Nimeshamwambia, kasema atalifanyia kazi.

Ukienda nenda asubuhi, Ijumaa mchana usijisumbue, na kizimba chukua chako maana vyake mara nyingi vina wagonjwa.