Risasi laini za shotigani kongwe: bega lako halipimi presha

Haya wadau, karibuni tena. Mezani leo kuna risasi za Impax za kampuni ya Eley ya Uingereza, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), gramu 28, marisau (vile vidonge vidogo vya ndani) namba 6. Namba hizo mnazijua, tusipoteze muda. Ninachotaka mkione ni hiki kilichoandikwa kwenye boksi: zimetengenezwa kwa chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ya milimita 65. Kwa hicho tu boksi hili nimelipenda, na ndicho wauzaji wetu wengi hawakisomi.

Maana nenda dukani hapa Dar, sema una shotigani ya urithi, ile ya Kiingereza yenye mitutu miwili iliyolala sambamba. Utaambiwa, "Mzee, chukua hii, laini, haipigi bega." Hapo ndipo ninapochoka! Bega linapigwa na uzito wa marisau na kasi yake, ukilinganisha na uzito wa bunduki. Presha ni habari nyingine kabisa. Ni nguvu ya gesi ndani ya chemba, na inategemea sana baruti inaungua haraka kiasi gani. Risasi ya mazoezi ya gramu 24 inaweza kukugusa tu begani, kumbe ndani ina baruti ya haraka iliyopandisha presha juu kuliko gramu 30 yenye baruti ya polepole. Na hiki kitako cha shaba cha risasi, kiwe kifupi au kirefu, presha hakikwambii.

Sasa angalieni. Bunduki hii imefunguliwa, mitutu yote miwili mitupu, mnaona mwanga unapita. Hapa nina risasi ya milimita 70, ambayo haijapigwa, na ganda la aina hiyohiyo lililokwisha kupigwa. Naweka rula ya chuma. Ambayo haijapigwa ina kama milimita 58, kwa sababu mdomo wake umekunjwa kwa ndani kama nyota. Ganda lililopigwa, mdomo umefunguka... 70. Mmeona? Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limefunguka.

Ndiyo maana risasi ya 70 inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 65, bunduki inafunga, na mtu anasema, "Si imeingia? Basi inafaa." Haifai! Ukifyatua, mdomo unafunguka, na milimita 5 za mwisho zinakwenda kulala pale chemba inapoanza kubana kuingia mtutuni. Marisau na wadi, yaani kile kizibo kinachotenganisha marisau na baruti, vinalazimika kupita kwenye tundu jembamba zaidi. Presha inapanda wakati ambao tayari iko juu. Ukiokota maganda yako ukakuta mdomo umechanika nyuzinyuzi au umeyeyuka pembeni, simama hapohapo.

Chemba yako ina urefu gani? Kata kipande cha kadi ngumu ya plastiki, upana milimita 20, kingo zinyooke. Kisukume taratibu kutoka nyuma, kitakwama karibu na pale panapoanza kubana. Weka alama, kitoe, pima. Ni kadirio tu, fundi mwenye geji ya chemba ndiye anayetoa jibu. Ila kadi ikikuonyesha 65 au 66, za 70 rudisha dukani.

Halafu chini ya mitutu kuna mihuri ya kupimwa, inayoonyesha presha ambayo bunduki ilithibitishwa kuhimili. Bunduki nyingi za Uingereza zilizopimwa kati ya 1954 na 1989 zina maneno 3 TONS. Msipige hesabu ya tani kwa inchi ya mraba mkapata psi (pauni kwa inchi ya mraba) 6,720 mkaogopa, maana kile ni kipimo cha zamani cha kuponda kipande cha metali, na kinasoma chini. Kwa vipimo vya sasa ni kama bar 740 (bar nayo ni kizio cha presha), ukomo wa risasi ya kawaida ya geji 12 kwa Ulaya. Marekani wanaruhusu psi 11,500, karibu bar 793. Kwa hiyo risasi ya Kimarekani ya kawaida, hata ingekuwa na urefu sahihi, inaweza kuvuka muhuri wako. Wenyewe huko kuna kampuni iliyojulikana, RST ya Pennsylvania, kwa kutengeneza za presha ya chini kwa ajili ya bunduki kongwe. Nzuri sana, ila kuzifikisha hapa ni safari na makaratasi, kwa hiyo tusidanganyane.

Mtutu wa Damascus, wenye michirizi ya vyuma vilivyosokotwa? Muhuri peke yake hautoshi. Fundi apime unene wa ukuta na aangalie kutu ya ndani kabla hujanunua hata boksi moja.

Uzito wa marisau una kanuni ya zamani: bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau. Gramu 28 inataka kilo 2.7 hivi, gramu 32 inataka kilo 3 na kidogo. Bunduki nyingi za aina hii ziko katikati hapo, kwa hiyo 28 inatosha. Kanga na kwale hawajui tofauti. Na marisau ya chuma au ya metali nyingine yoyote ngumu, weka mbali na mitutu hii.

Kwa sisi wa Dar, joto hupandisha presha, kwa hiyo usiache boksi kwenye gari juani Posta mchana kutwa. Unyevu nao huvimbisha maganda ya karatasi, yanagoma kuingia. Usilazimishe.

Bei sitaji, kila shehena inakuja na yake na nikiitaja mtanisuta kwenye komenti. Ziko juu kuliko za mazoezi, hilo mlijue mapema, na kitabu cha umiliki uende nacho. Video ijayo ni unene wa mitutu, fundi yuko tayari. Mwenye mihuri asiyoielewa apige picha ya chini ya mitutu, afiche namba ya bunduki, aiweke hapo chini tuisome pamoja.