Bobby Eaton akiwa na Dennis Condrey, au akiwa na Stan Lane?

Bobby Eaton wa Huntsville, Alabama, ndiye aliyekuwa nguzo ya Midnight Express, timu ya mieleka ya wawili wawili iliyosimamiwa na Jim Cornette. Wenzake ndio waliobadilika, na mashabiki bado wanabishana ni nani alimfaa zaidi.

Akiwa na Condrey, kuanzia 1983, mieleka ilikuwa ya kikatili. Condrey hakuwa na mbwembwe: alimbana mpinzani kwenye kona, akamchosha, kisha Eaton akapanda juu ya kamba na kumshukia kwa mguu shingoni. Uhasama wao na timu ya Rock 'n' Roll Express ulijaza kumbi. Februari 1986 waliwanyang'anya mikanda ya dunia ya NWA (muungano wa mieleka wa Marekani), na Novemba wakapambana na timu ya Road Warriors juu ya jukwaa la vyuma, usiku ambao Cornette alianguka na kuumia goti.

Condrey aliondoka 1987, akaja Lane. Huyu alikuwa mtanashati, mwepesi, mwenye mateke ya karate. Septemba 1988 Eaton na Lane waliwapiga Arn Anderson na Tully Blanchard, wakawa mabingwa wa dunia huku wakishikilia pia mikanda ya Marekani.

Kwa mataji, Lane anashinda. Mimi namchagua Condrey. Eaton alikuwa fundi wa kuruka, na fundi wa aina hiyo anahitaji mwenzake wa kupigana chini ulingoni anayetisha kweli; akiwa na Lane, wote wawili walipendeza mno hata watazamaji wakaanza kuwashangilia, ilhali walikuwa timu ya wabaya wa kuzomewa.