Taa ya Sola: Nunua Ile Fundi wa Mtaani Anaweza Kuifungua

Dukani, iwe Busia, Mbale au Kampala, muuzaji atakuonyesha mwanga kwanza. Wewe omba bisibisi. Taa nyingi huharibika betri, swichi au waya tu, kisha hutupwa nzima kwa kuwa hazifunguki. Nimezipanga kwa swali hilo: ikiharibika, itatengenezeka?

Ya kwanza: mfumo wa vipande. Paneli, kidhibiti chaji (kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi), betri ya volti 12 na balbu, kila kimoja peke yake. Kikifa kimoja unabadilisha hicho tu, hata kwa cha kampuni nyingine. Bei ya kuanzia inauma, lakini mwenye nyumba yake asisite. Betri ikiwa ya risasi na asidi, kama ya gari, na ikichoka, usiipasue wala kumwaga asidi. Irudishe nzima kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu.

Ya pili: taa ndogo yenye skrubu. Inawafaa wapangaji na wanafunzi. Hakikisha skrubu ni za kawaida, waya wa paneli unachomoka, na betri imekaa kwenye kishikio. Nyingi hutumia betri iitwayo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65, ambayo mafundi wanaifahamu. Hapa ndipo kwenye hatari: kuna ya volti 3.2 na ya 3.7, na kwa macho zinafanana kabisa. Ya 3.2 huchajiwa hadi karibu volti 3.65, ya 3.7 hadi 4.2. Fundi akiweka ya 3.2 kwenye taa ya 3.7, itachajiwa kupita kiasi na kuharibika. Mwombe asome maandishi kwanza. Ukiweza kuchagua, chukua taa ya 3.2: betri yake huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na haishiki moto kirahisi.

Ya tatu: ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Kwa asiye na pesa taslimu ni msaada wa kweli, na dhamana ikiwa hai kampuni hutengeneza. Ila mara nyingi plagi zake ni za kipekee. Kabla ya kulipa kianzio uliza: nikimaliza deni, betri mpya nitaipata wapi, na kwa shilingi ngapi? Asipojibu, chukua ya pili.

Ya mwisho: iliyobanwa kwa gundi. Iache dukani, hata ikiwa nusu bei. Kuifungua ni kuivunja.