Rauta ya antena nne: spidi ipo, ila inakata hovyo mpaka uishike setingi

Hii rauta nyeusi ya bendi mbili (yani inarusha waifai kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz) nimekaa nayo muda wa kutosha, kampuni silitaji, na kusema ukweli ikitulia ina spidi nzuri tu. Shida ni kutulia kwenyewe. Ukiitumia na setingi za kiwandani inakata intaneti katikati ya simu ya video, inarudi, inakata tena, na kinachokera zaidi ni ile taa ya intaneti inabaki kijani muda wote kana kwamba hamna kitu. Taa zake msiziamini jamani.

Kabla hujamlaumu mtoa huduma, chomeka laptop kwa waya kwenye rauta halafu pingi (andika ping na namba kwenye dirisha la amri la laptop, uone kama inajibu) 192.168.1.1, ndo anwani ya rauta yenyewe (nyingine ni 192.168.0.1, soma stika ya chini), na pembeni pingi 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google huko nje kwenye intaneti. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza basi waifai haihusiki, ni waya unaoingia ndani au kiboksi cha faiba au mtoa huduma mwenyewe, na ukiona taa ya LOS kwenye kiboksi imewaka nyekundu usihangaike na setingi, mwanga haufiki, piga huduma kwa wateja. Zikijibu zote ila kurasa hazifunguki, badilisha DNS (ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) weka 1.1.1.1 au hiyo hiyo 8.8.8.8. Kwa waya kila kitu safi lakini simu zinahangaika? Hapo waifai ndo mgonjwa, na hii rauta ugonjwa wake ndo huo.

Maana inakuja na bendi zote mbili zimewekwa chini ya jina moja, eti yenyewe ndo ichague nani akae 2.4 GHz na nani 5 GHz. Wazo si baya ila hii inazirusha simu huku na huku kama mpira, na kila ikirushwa unakatika. Zitenganishe, kila bendi jina lake, nusu ya kero inaisha hapo hapo. Halafu 2.4 itoe kwenye chaneli (kijinjia ndani ya bendi) ya otomatiki uweke 1, 6 au 11, upana 20 MHz, hizo tatu haziingiliani, ukiweka 40 unagombana na majirani wote bila faida yoyote ya maana. Na usiiweke karibu na maikrowevu, inatumia masafa hayo hayo. Upande wa 5 GHz weka chaneli 36 mpaka 48, kwa sababu kuanzia 52 mpaka 144 nchi nyingi ni za kushea na rada, rauta ikihisi rada lazima ihame, na ikihamia nyingine ya aina hiyo inabidi isikilize kwanza kama dakika nzima kabla ya kurusha, wewe huku unaona waifai ya 5 imepotea tu bila sababu.

Adapta nayo muiangalie. Imeandikwa 12V 1.5A, ukiokota nyingine ya 12V 0.5A taa zitawaka vizuri kabisa ila watu wakianza kutumia kwa pamoja inajizima na kujiwasha. Pia matundu ya hewa yako chini, yani ukiilaza kwenye kitambaa inachemka, itundike ukutani.

App yake ya simu ni takataka, chaneli huwezi hata kubadilisha, ingia kwa brauza. Na kile kitundu cha kuchoma na pini msikiguse ovyo kama hamna jina la mtumiaji na paswedi ya PPPoE (ya rauta kuingia kwenye intaneti) mliyopewa na mtoa huduma, kinafuta kila kitu.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Ukuta inapenya vizuri, spidi ipo, na tangu niishike setingi haikati. Wewe usiyetaka kabisa kugusa setingi, tafuta nyingine.