Ilford HP5 Plus kwa Jioni za Mikindani

Ilford HP5 Plus ni filamu ya picha za nyeusi na nyeupe inayotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1989, na kwa kasi yake, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, ya ISO 400 si filamu ya giza hasa. Hata hivyo, kwa mpigapicha wa Mtwara anayetaka kupiga barazani Mikindani baada ya magharibi bila kutumia flashi, ndiyo ninayoipendekeza kwanza, mradi ipigwe kama ISO 1600 (kipimo cha mwanga kikipangwa kana kwamba ndiyo kasi yake) na isafishwe kwa dawa kwa muda mrefu zaidi.

Chini ya balbu ya duka, tundu la lenzi likiwa limefunguliwa sana, hadi f/2, ISO 400 hudai shata ibaki wazi kwa takriban 1/15 ya sekunde, ambayo ni watu wachache wanaoweza kuishikilia bila mkono kutikisika; ISO 1600 huifikisha 1/60, na uso wa mwenye duka ukatoka safi. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kurefusha muda wa kusafisha kunaongeza mwanga. Kunakoleza kile tu kilichokwisha kuifikia filamu, na kivuli ambacho hakikupata mwanga kitabaki kitupu kwenye negativu hata dawa ikikaa humo usiku kucha. Ndiyo maana napima mwanga usoni mwa mtu, si kwenye balbu, na nakubali kwamba milango ya nyumba za kale itatoka nyeusi tii. Chembe zinazoonekana kwenye picha nazo huongezeka. Kwenye kuta za mawe zilizobabuka chokaa zinapendeza, kwenye picha ya mtoto mchanga sizitaki.

Kwa mashua zilizotia nanga ghubani hata ISO 1600 haitoshi, na stendi inahitajika. Hapo ikumbukwe kwamba filamu hii huchoka mwanga unapokuwa hafifu mno: kipimo kikisema sekunde 10, iachie kama 20. (Mashua hazitulii muda wote huo, lakini hilo si kosa la filamu.)

Filamu nyingine, Ilford Delta 3200, ambayo kasi yake halisi ni kama ISO 1000, huokoa vivuli vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba filamu za kasi kubwa huharibiwa upesi zaidi na joto na eksirei za viwanja vya ndege, na mzigo wa kuja huku hukutana na vyote viwili. Hata HP5, ukija nayo kwa ndege, omba ikaguliwe kwa mkono.

Joto hilo hilo huamua pia usafishaji. Kwa ISO 1600, dawa ya kusafishia filamu ya ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika 14 katika nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba ya pwani yetu huwa ya moto kuliko hapo. Anayesafishia nyumbani aweke chupa ya dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu, ile ile wanayotumia wauza samaki, na asianze kabla kipimajoto hakijashuka.