Tathmini ya huduma: ukarabati wa chumba chetu cha udhibiti baada ya miezi minane ya matumizi

Tangu mkandarasi alipotukabidhi chumba cha udhibiti kilichokarabatiwa, yaani chumba tunamofuatilia na kuendesha mitambo kupitia skrini, nimefanya kazi humo zamu za mchana na za usiku, na naona sehemu bora ya kazi yake ni ile ambayo mgeni hataitazama mara mbili. Michoro ya mitambo kwenye skrini, iliyokuwa na pampu za kijani na mabomba ya bluu na mekundu sasa ni ya kijivu, na rangi kali zimeachiwa kengele za tahadhari peke yake. Usiku mmoja, nikiwa nimeinamia daftari la zamu, alama ya njano iliwaka kando ya tangi la pili, nikaiona kwa pembe ya jicho. Kwenye skrini za zamani ningeitafuta.

Kazi ya kengele ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ilistahili. Mafundi walikaa nasi waendeshaji, wakauliza kuhusu kila moja: ikilia, unafanya nini? Iliyokosa jibu iliondolewa. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, mwaka 1994, waendeshaji wawili walimiminiwa kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma zote, sembuse kuzishughulikia.

Viti na meza ni vizuri. Taa za dari, hata hivyo, zinaakisi kwenye skrini kubwa ya ukutani, na hilo lingegunduliwa mapema kama mtu angekaa pale saa moja tu kabla ya kukabidhi kazi.

Kasoro ninayoilalamikia kwa dhati ni nyingine. Kiasi kinachoingia tangini na kile kinachotoka vimewekwa kwenye kurasa mbili tofauti. Kasoro ya aina hiyohiyo ilitajwa na wachunguzi wa mlipuko wa mwaka 2005 katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, uliowaua watu 15: mnara ulikuwa ukijazwa bila kutolewa kitu, na hakuna ukurasa mmoja uliomwonyesha mwendeshaji mambo yote mawili. Tumeomba marekebisho mara mbili, tukajibiwa kuwa hiyo ni kazi ya nyongeza, nje ya mkataba. Anayetaka huduma hii na aliandike sharti hilo kabla ya kutia saini. Sisi bado tunapiga hesabu ya kinachoingia na kinachotoka kwa kalamu, kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini mpya.