Mpira wa mafuta wa boti: nimelipa 90,000 na sijuti

Mashine ya boti yangu ni ya nguvu farasi 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, na ndiyo inayonilisha. Natoka Mikindani alfajiri, nawafuata wavuvi Msanga Mkuu, nanunua, kisha nateremsha samaki Feri, Shangani, Mtwara. Nahodha ni mtoto wa kaka yangu. Mimi nakaa mbele na matenga na barafu.

Mwezi wa sita, kusi imekaza, mashine ikaanza vituko. Inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Ikiwa silensa, yaani inazunguka polepole bila kuongezwa moto, inanguruma vizuri hata robo saa. Tukishatoka kwenye ghuba na kijana akaongeza moto, dakika kumi hivi inalegea kama mtu aliyekabwa koo, inamisi mara mbili tatu, inazima. Tunakaa kidogo, anabinya pampu ya mkono, ile iliyo katikati ya mpira wa mafuta, yaani bomba linalotoa petroli kwenye tangi kwenda kwenye mashine, inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Dakika kumi nyingine, kimya.

Siku moja ilituzimikia mbele ya Shangani, tuna matenga manne ya changu, mawimbi yanatupiga ubavuni. Tulipiga kasia saa nzima na nusu. Barafu ikayeyuka, samaki nikawaachia wakaanga samaki kwa bei yao, na mpwa wangu viganja vikatoka malengelenge. Nilimtazama akijifunga vitambaa mikononi, nikamwambia hatoki tena na mashine hii mpaka nijue inaumwa nini. Akanijibu, "Shangazi, sasa tutakula nini?" Sikuwa na jibu.

Hela nilikuwa nimeshaanza kuzitoa. Plagi mbili mpya. Kabureta ikafunguliwa na kuoshwa, baada ya wiki mbili ikafunguliwa tena. Kisha fundi mwingine akabadilisha kiwambo cha mpira cha pampu ya mafuta, ile ya kwenye mashine yenyewe. Sisemi walinidanganya, maana mashine inayokosa mafuta inaweza kuwa na shida kwenye vitu hivyo vyote. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeomba kupanda boti. Waliiwasha ndani ya pipa la maji, silensa, ikanguruma, wakasema imepona. Kwenye pipa hata mimi niliona imepona.

Duka ninalotaka kulisifu ni dogo, liko Mtwara mjini, linauza spea za boti, nyavu, kamba na ndoana. Nilikwenda pale nikitaka kabureta mpya, na hela ya kabureta nilikuwa nayo mkononi. Mwenye duka hakuniuzia. Aliniuliza, "Mama, ikizima, ile pampu ya mkono inakuwaje? Ngumu, laini, au imenywea?"

Sikujua. Mpwa wangu naye hakujua, kwa sababu kila ikizima anaikimbilia kuibinya bila kuitazama. Yule bwana akavuta kiti akatueleza, na nayarudia maelezo yake kwa sababu yangeniokolea miezi miwili. Pampu ikiwa ngumu na mashine bado inazima, mafuta yamefika mlangoni kwa mashine, basi tafuta huko mbele: chujio, sindano na jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) za kabureta. Ikiwa unabinya na kubinya haigangamai, kuna mahali inavuta hewa, au vali zake zenyewe zimechoka. Tazama klipu zinazoubana mpira, oringi (pete za mpira) za viunganishi, ufa kwenye mpira. Ikiwa imenywea, imebonyea kama chupa ya plastiki iliyonyonywa, kuna kitu nyuma yake kinayazuia mafuta yasitoke kwenye tangi.

Kesho yake alitupa fundi wake kijana, aliyekuja na tangi dogo na mpira wake mwenyewe. Nililipa 15,000 na petroli ya safari. Kwanza akamimina petroli yetu kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, akaiacha itulie. Maji yangekuwapo yangekaa chini yakaonekana mstari. Hayakuwapo. Tukatoka na vitu vyetu kama siku zote, na dakika ya tisa akaniita nitazame: pampu ilikuwa imenywea kabisa, pande mbili zimegusana.

Akaangalia skrubu ya kupumulia kwenye kifuniko cha tangi. Tangi lisipovuta hewa mafuta hayatoki, na watu wengi huifunga likibebwa garini halafu wakasahau kuifungua. Yetu ilikuwa wazi. Hata hivyo akalegeza kifuniko chote. Pampu ikanywea vilevile. Hapo akachomoa mpira wetu akaweka wake, kwenye tangi letu lilelile. Tukaenda Msanga Mkuu na kurudi Mikindani, moto umefunguliwa, mashine haikupiga chafya hata mara moja. Kwa jaribio hilo moja tangi likawa salama, petroli salama, kabureta salama. Kilichobaki ni mpira.

Tulipofika ufukweni akaupasua kwa kisu mbele yangu. Nje ulikuwa mweusi, unang'aa, hauna ufa wala alama. Ndani, ule utando wa ndani umebanduka kama ngozi ya nyoka anayejivua. Mashine ikivuta mafuta kidogo, ya silensa, yanapenya pembeni. Ikivuta mengi, utando unanyonywa na kuziba njia. Ukikaa kidogo unarudi mahali pake, ndiyo maana mashine ilikuwa inawaka tena. Mpira ule niliununua mwaka uliotangulia, mahali pengine, kwa 25,000, na niliuchagua mwenyewe kwa kuwa ulionekana mpya kuliko wa jirani yake.

Fundi akaniambia jambo lingine lililonikosesha usingizi usiku ule. Mashine ya kuchanganya haina tangi lake la oili. Oili inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua wakati mashine inazunguka kwa kasi, na oili imepungua, na pistoni inaweza kushika. Kumbe kila siku tuliyolazimisha nilikuwa naiua mashine yenyewe.

Sasa mpira mpya. Ni wa kijivu, mnene, tundu la ndani milimita 8, urefu kama mita mbili, unakuja na pampu yake ya mkono na viunganishi pande zote mbili. Pampu ni ngumu kidogo kwa mkono wangu, ila mibinyo mitano au sita inagangamaa na inabaki hivyo. Mshale juu yake uko wazi, unaelekea kwenye mashine. Fundi alitufundisha kuishika wima wakati wa kubinya, mshale ukitazama juu, na kweli inajaa haraka zaidi kuliko ikilazwa. Ukiupinda mpira haukunji kona, jambo linalonifaa mimi ninayeweka matenga popote panapopatikana nafasi.

Nimeutumia miezi saba, pamoja na msimu wote wa korosho, wakati watu wana hela na nilikuwa navuka karibu kila siku. Mashine haijazima njiani. Petroli naona kama matumizi yake yamepungua kidogo, ila sikuipima, kwa hiyo msinunue kwa sababu hiyo.

Kasoro zipo. Klipu zilizokuja nazo ni za chuma cha kawaida. Kufikia mwezi wa tatu wa kuutumia zilikuwa zimeshapata kutu, na klipu yenye kutu ikilegea utarudi kwenye shida ya kuvuta hewa. Nilizibadilisha kwa hela yangu. Kwa mpira wa bei ile, hilo si sawa, na mwenye duka nilimwambia. Pia oringi za viunganishi haziuzwi moja moja pale dukani, unalazimika kununua kiunganishi kizima. Na angalizo kwa mnunuzi: kichwa cha upande wa mashine kinatofautiana. Cha Yamaha hakiingii kwenye Suzuki wala Tohatsu. Nendeni na kile cha zamani mkononi, mkilinganishe pale pale kaunta kabla hamjalipa.

Bei, 90,000, najua inauma. Mara tatu na zaidi ya ule wa kwanza. Lakini nikijumlisha plagi, kuosha kabureta mara mbili, kiwambo, na samaki walioharibika, ule wa 25,000 ndio ulionigharimu zaidi. Na malengelenge ya yule mtoto sijayahesabu.

Duka nalipatia nyota tano, na moja kati ya hizo ni ya lile swali lake la kwanza. Mpira naupa nne. Ya tano imezuiwa na klipu. Sasa tukifika ufukweni mpira tunauchomoa na kuuweka kwenye kasha, hauachwi juani, na mpwa wangu ameuandika tarehe kwa rangi nyeupe siku tuliyoufunga. Boti ikilegea kidogo tu, hata kwa wimbi, namwona anageuka kuitazama pampu kabla ya kuigusa.

Nimeagiza wa pili wa akiba. Nimeambiwa utafika wiki ijayo na gari la Dar es Salaam, na safari hii nimelipia kabisa klipu zisizoshika kutu, nne, mbili za kila upande.